Sikukipenda Kitabu Chake

Uso wa mchumba wangu ulikuwa umebandikwa kila mahali. Ulikuwa kwenye ukuta wa kituo cha mabasi, kwenye mlango wa duka la dawa, na nyuma ya lori la maji lililopita mbele ya ofisi yetu kila asubuhi likidondosha matone barabarani. Kwenye picha alikuwa amevaa joho lake la uwakili, mikono ameikunja kifuani, macho makali kama mtu aliyekunyang'anya kitu na hana mpango wa kukirudisha. Chini yake maandishi mekundu yalisema: *Kizimba cha Moto. Ukikianza, usingizi kwaheri.*

Mimi nilikianza Jumatatu, na usingizi ulinichukua mara mbili kabla sijafika katikati.

Leo naweza kulisema hilo nikitabasamu. Wiki ile sikuwa na tabasamu lolote. Ijumaa nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa saluni, nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, nimekunja uso kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Msusi akaniuliza kama joto limezidi.

"Hapana," nikamwambia. "Ni hiki kitabu."

"Kinatisha?"

"Hakitishi hata kidogo. Ndiyo maana naogopa."

Akanitazama kwenye kioo, akaona sina mzaha, akaendelea na nywele zangu.

Mimi ni mtangazaji wa redio. Jumamosi mchana nina kipindi cha vitabu, na watu wananisikiliza kwa sababu moja tu: kitabu kikiwa kibovu nasema ni kibovu. Mgeni wa Jumamosi hiyo alikuwa mchumba wangu. Nilishamwendea bosi nikamwomba amweke mtu mwingine kwenye kiti changu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Tumekitangaza wiki mbili," akasema. "Watu wanataka kukusikia wewe ukimhoji yeye. Mapenzi na mahakama kwa pamoja. Unataka nini zaidi?"

Nilitaka kujificha, lakini hilo sikumwambia.

Mimi na Wakili tulikutana mahakamani. Nilikuwa nimekwenda kurekodi kipindi juu ya watu wanaotetewa bure, nikamkuta kwenye korido, amesimama peke yake dirishani, anavuta pumzi taratibu kama anayetaka kupiga mbizi. Nilipomsogezea kipaza sauti, mlio wa karatasi ukajaa kwenye mashine yangu. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Wakili, naomba uweke hizo karatasi chini," nikamwambia.

Akaziweka, akacheka. "Miaka yote hii, na bado kila nikitaka kusimama mbele ya hakimu natamani kukimbia. Tafadhali usilirushe hewani hilo."

Sikulirusha. Siku hiyohiyo nikawa nimekwisha kumpenda.

Kurasa za kwanza za riwaya yake alinisomea ndani ya gari lake bovu, tumekaa pembeni ya barabara tukimsubiri fundi. Zilikuwa juu ya wakili mwoga. Mwanamke ameshtakiwa kumuua mumewe, na mtu pekee wa kumtetea ni huyu anayetapika chooni asubuhi ya kesi, anafuta mdomo, anarekebisha joho, anaingia. Fundi alipofika tulimwomba asubiri kidogo tumalize sura.

Kilichochapishwa kilikuwa kitu kingine. Wakili sasa aliitwa Simba. Alikuwa anaruka kutoka paa hadi paa na joho lake, anamkaripia hakimu na hakimu ananywea. Yule mwanamke alikuwa analia tu, tangu mwanzo hadi mwisho hakupewa sentensi nzima ya kusema. Na shahidi ambaye tulishamzika mapema kabisa alifungua mlango wa mahakama katika sura ya mwisho, mzima wa afya, na suti mpya. Nilifunua kurasa zile nikitafuta mtu niliyempenda amejificha wapi. Sikumwona. Na hapo ndipo hofu iliponishika. Kama aliweza kumfuta yule mtu wa kwenye gari asibaki hata alama, basi mimi nilikuwa naolewa na nani?

Alasiri ile mimi na Wakili tulialikwa chakula kwa dada yake, kupanga tarehe ya harusi.

Dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walifariki Wakili akiwa hajaanza shule, na Dada, ambaye mwenyewe alikuwa binti tu, aliacha masomo akamshika mkono. Alirudi kusoma ukubwani, na sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa matangazo katika kampuni iliyochapisha kitabu. Mabango yote yale, hadi lile la kwenye lori, yalikuwa kazi yake. Mwanzoni hakunitaka, na hakunificha. Alisema mwanamke anayelipwa kwa kusema kila anachofikiria hatakaa ndani ya nyumba. Ilinichukua mwaka mzima kumfikisha mahali pa kuniita wifi bila kuvuta mdomo.

"Wifi," akasema alipokuwa ananipakulia, "umeshamaliza?"

"Nimemaliza leo, Dada."

"Haya. Tuambie."

Mumewe akaacha kutafuna. Wakili, aliyekaa mbele yangu, akashika glasi yake bila kuinyanyua.

"Kina kasi," nikasema.

"Umesikia?" Dada akamgeukia mumewe. "Mtu wa vitabu huyo. Anasema kina kasi. Na yule shahidi mwishoni, wifi?"

"Yule... sikumtarajia kabisa."

"Hata mimi," mumewe akasema kwa dhati. "Nilimwaga chai."

Wote tukacheka isipokuwa Wakili. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anavyomtazama shahidi aliyejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa. Nikainamia sahani yangu. Chakula kilikuwa kizuri lakini kila tonge nililisukuma kwa maji.

Tulipokuwa tunatoa vyombo, Dada akafunga mlango wa jikoni kwa kisigino.

"Kesho," akasema, "usimhoji kama unavyowahoji wale wengine."

"Nawahojije, Dada?"

"Unajua unavyowahoji. Unawaacha wanaongea, halafu unawauliza kitu kimoja kidogo, wanabaki uchi. Huyu ni mumeo mtarajiwa. Kama kuna kitu hukukipenda, na sisemi kipo, kimeze."

"Na nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza? Wewe ndiye unayeuliza." Akanipa taulo la vyombo na kunigusa bega, na mguso ule ulikuwa wa upendo kabisa. Ndio uliozidi kunitia wasiwasi.

Wakili alinisindikiza hadi getini. Jua lilikuwa bado lipo. Jirani alikuwa anamwagilia maua yake, akatupungia, nasi tukampungia kama watu wasio na neno.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Ulichokuwa unakimeza mezani."

"Tuongee wiki ijayo, mpenzi. Kesho ipite kwanza."

"Sema sasa."

Nilitafuta njia ya kuzunguka, sikuiona. "Sikukipenda."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sehemu gani?"

"Simba."

"Simba ndiye kitabu chenyewe."

"Najua."

Maji ya jirani yalikuwa yanagonga majani. Wakili akaegemea nguzo ya geti, mikono mfukoni.

"Yule mwingine alikwenda wapi?" nikamuuliza. "Yule aliyetapika?"

"Hakuna anayetaka kutetewa na mwoga."

"Mimi ningetaka. Nilimpenda yule."

"Uliwahi kuniuliza kama mimi nampenda?" Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa imekauka. "Mhariri alisema hafai. Dada akasema hafai. Nikamsoma upya mimi mwenyewe, peke yangu, nikaona aibu. Nilitaka angalau kwenye karatasi niwe mtu ambaye hajui kuogopa. Mara moja tu. Wewe unataka nitetemeke maisha yangu yote ili upate cha kupenda?"

 Nikabaki nachokonoa rangi ya geti kwa ukucha.

"Kesho utayasema haya hewani?"

"Sijui. Usije. Nitasema unaumwa."

"Nitakuja," akasema. "Halafu tutaona nani anaogopa."

Akaingia ndani, akafunga geti polepole, bila kishindo. Angelibamiza ningepata nafuu.

Jumamosi nilifika kituoni mapema, nikapanga maswali, nikayapangua. Nilikunywa maji hadi fundi mitambo, mama mmoja mkimya ambaye tumefanya kazi pamoja tangu nianze, akaniuliza kama nina homa. Kila lifti ilipofunguka niligeuka. Hatimaye wakatokea, yeye na Dada. Alikuwa amenyoa vizuri, na shati alilovaa ndilo nililomchagulia mimi. Akanisalimia kwa kunipa mkono, kama ninavyosalimiwa na wageni wengine. Dada akabaki upande wa pili wa kioo, karibu na fundi, mkoba ameukumbatia.

Taa nyekundu ikawaka.

Nilianza kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba mgeni wangu ni mchumba wangu, ili kila mtu apime maneno yangu akijua hivyo. Kisha nikamuuliza alianzaje kuandika, anapata wapi muda, kwa nini aliweka kesi ya mauaji na si ya mashamba. Alijibu vizuri. Alichekesha. Nilianza kuamini kwamba tutavuka salama. Nilitazama saa ya ukutani, nikaona muda uliobaki ni wa simu chache tu za wasikilizaji.

Wa kwanza alitaka kujua vitabu vinapatikana wapi. Wa pili alikuwa na kesi ya mpaka wa kiwanja, Wakili akamwambia aje ofisini kwake. Wa tatu alikuwa mama mmoja, nyuma yake cherehani ikilia.

"Mimi swali langu si la Wakili," akasema. "Ni lako, mtangazaji. Nakusikiliza miaka mingi, najua hufichi. Wewe mwenyewe umekipenda?"

Cherehani ikanyamaza, akawa anasubiri. Redioni ukimya ni ugonjwa, na ule wangu ulikuwa unaongezeka. Fundi alinitazama juu ya miwani. Dada alikuwa amesogea hadi pua yake inakaribia kugusa kioo. Wakili hakunisaidia wala hakunizuia. Alinitazama tu, na nikaona anajua jibu, na anasubiri kuona nitafanya nini nalo.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikukipenda."

 Nikaendelea kwa sababu kuishia pale kungekuwa ukatili.

"Matangazo yaliniambia sitalala, nikalala. Simba anajua atashinda, hakimu anajua, na mimi nikajua, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumhofia yule mwanamke aliyeshtakiwa. Na yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya kuongea. Aliyekiandika ni mtu anayeijua hofu ya mahakamani kuliko wengi, lakini ameiacha nje ya mlango. Kingekuwa cha mtu mwingine ningesema hivihivi. Kwa kuwa ni chake, kimeniuma zaidi."

"Haya," yule mama akasema baada ya kufikiri. "Basi nitakinunua nione mwenyewe." Akakata simu.

Wakili akasogea kwenye kipaza sauti chake. "Asante kwa simu, mama," akasema, sauti imetulia kabisa. "Kuna mwingine?"

Alijibu hadi mwisho. Taa ilipozimika akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu, akatoka. Hakunitazama. Nilisikia viatu vyake koridoni, kisha mlango wa ngazi. Hakusubiri hata lifti.

Dada alinikuta nimekaa palepale. Nilijiandaa kwa kelele, lakini alivuta kiti alichokalia Wakili, akakaa.

"Umewahi kumsikia akishikwa na kigugumizi?"

"Hapana, Dada."

"Mimi nilimsikia miaka. Neno moja lilikuwa linamchukua hadi mwenzake analisahau swali. Darasani walikuwa wanamwiga. Alikuwa anarudi nyumbani anaingia chini ya kitanda changu, ananiambia hataongea tena na mtu. Nilimfundisha neno kwa neno, nimemshika kidevu hivi." Akashika chake. "Alipopita uwakili nililia wiki nzima. Sasa nimempandisha kwenye kuta za mji huu, wamwone simba, wote waliomcheka wamwone. Na wewe, tena wewe, unamshusha."

"Sikutaka kumshusha."

"Najua hukutaka. Ndiyo maana sikupigi kofi." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Ile tarehe tuliyopanga, mimi nimeifuta. Akitaka kuirudisha, atairudisha yeye. Mimi sitaongea kwa niaba yake tena."

Alipoondoka nilitamani kumchukia nikashindwa. Alimpenda Wakili kwa kumficha, mimi nikampenda kwa kumfunua, na kati yetu hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe. Maneno ya Wakili pale getini yalinirudia. Nilimpigia simu. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Jumapili niliamkia kwa mama yangu. Sikula. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje nilisimama, kila ujumbe ulioingia ulikuwa wa mtu mwingine. Mama alinivumilia hadi mchana, kisha akaketi ukingoni mwa kochi.

"Ulisema kweli?"

"Ndiyo."

"Uliisema vizuri?"

"Sijui, mama. Nilijitahidi."

"Basi hakuna cha kuongeza. Nisaidie kuanika nguo."

Tulikuwa na kamba imejaa nusu Wakili aliposimama mlangoni mwa ua. Sikumsikia akija. Alikuwa na shati lilelile la jana, limekunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Mama akabaki na nguo. Sisi tukakaa sebuleni, yeye kochi la huku, mimi la kule. Alitazama zulia.

"Nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nilikwenda ofisini nikakasirika huko. Nikaenda kwa rafiki yangu nikamsimulia, akasema wewe ni mtu mbaya, nikamkasirikia na yeye. Nikaenda kwa Dada, akaanza kukusema, nikajikuta nimesimama katikati ya sebule yake nakutetea. Na huku nakutetea, bado nimekukasirikia."

"Ulinitetea unasemaje?"

"Nilisema hukudanganya. Sikuwa na hoja nyingine. Ilikuwa kesi ngumu."

Nilijizuia kucheka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu pia, na sikujua kipi kingetangulia.

"Mbele ya watu wote," akaendelea. "Ungeweza kusema una maoni tofauti, mkafunga kipindi."

"Ningeweza. Ila wewe ungejua nimedanganya. Baadaye kila nikikuambia nakupenda ungejiuliza kama na hiyo ni ya hewani."

 Nikasogea hadi ukingo wa kochi langu.

"Uliniuliza swali pale getini sikulijibu," nikasema. "Sitaki utetemeke ili mimi nifurahi. Nilimpenda yule wakili mwoga, nikajiona nimekujua wote, sikuuliza wewe unajionaje. Hilo nimekukosea. Kumwandika Simba ni haki yako. Andika Simba wengine ukitaka. Nitawasoma wote, nitakwambia ninavyowaona, na nitakuwa hapahapa."

"Hata wakiwa wabovu?"

"Hata wakiwa wabovu sana."

"Sura ya paa mimi bado naipenda," akasema kwa ukaidi.

"Ndiyo mbovu kuliko zote."

Akainua macho. Tangu Ijumaa hakuwa amenitazama hivyo, na swali moja lilikuwa limebaki na hakuna mtu wa kuniulizia.

"Umekuja kuvunja?" nikamuuliza.

 Nje, mama alikuwa anakung'uta shuka, nikalisikia likipasua hewa mara moja, mara ya pili.

"Nimekuja kukasirika hapa," akasema. "Kukasirika mbali na wewe kumenishinda."

Mama akaingia na beseni tupu kiunoni. Akatutazama wote wawili, kochi la huku na kochi la kule, akaelekea jikoni. Tukasikia kabati la vyombo likifunguliwa.

"Mgeni," akaita kutoka huko, "unakaa au unapita?"

"Nakaa, mama. Ila nimekasirika."

"Haya," mama akasema, "utakasirika huku unakula."

Nikaenda kukaa mezani. Wakili akainuka, akanifuata, akavuta kiti kilichokuwa jirani na changu.